Sharafa na Mrija wa Puani

Mtu akikuambia Sharafa alikuwa mwoga, usimsadiki. Kila Jumapili bwana huyu alijifunga mikanda ndani ya ndege isiyo na injini, akavutwa juu kwa kamba nyuma ya ndege nyingine, kamba akaiachia, akabaki anaelea huko kwa upepo mtupu huku anapiga mluzi. Mwoga angepiga mluzi wapi? Tatizo lake halikuwa woga. Tatizo lake lilikuwa ndevu.

Na zilikuwa ndevu kwelikweli, jamani, tusimnyime haki yake. Nyeusi tii, zimejaa, mashavuni zimechongwa kama mtu aliyepiga rula, kisha zinashuka mpaka kwenye kifungo cha pili cha shati. Sharafa alikuwa kinyozi, na ndevu zile ndizo zilizokuwa bango lake. Wateja waliingia saluni, wakaketi, wakanyoosha kidole kwenye kidevu chake: "Nataka kama hizo." Wengine walikuwa na vinyweleo vya kuhesabika, lakini kinyozi hamkatishi mteja tamaa. Jina la utani, Sharafa, yaani ndevu za mashavuni, lilikuwa limemeza jina la kuzaliwa, hata mkewe akilitaja lile la kwenye kitambulisho, mwenyewe aligeuka kutazama nani anaitwa. Watoto wa dada yake walimtania kwamba Mjomba huziamkia ndevu kabla ya kumwamkia mkewe. Alicheka nao. Halikuwa neno la uongo.

Huyo dada, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa ameolewa na seremala, mtu mpole mpaka inakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Sharafa alikuwa amemfundisha shemeji yake kurusha ile ndege, na tangu hapo seremala alimfuata kama mwanafunzi anavyomfuata mwalimu, ingawa walikaribiana umri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: pua. Vumbi la mbao la miaka yote lilikuwa limeiziba, ikawa pambo la uso basi. Alipumulia mdomo akila, akifanya kazi, akiongea. Alikoroma hata akiwa amekaa, na nyumbani kwake kila mtu aliijua sauti ile kama anavyoijua sauti ya mlango wa mbele.

Sasa chama chao kilipata ndege mpya ya viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ndege nzuri, nyepesi, inayoweza kupanda juu sana pale upepo unapogonga mlima na kupaa. Lakini huko juu hewa ni haba. Mtu hajisikii mgonjwa, hapo ndipo penye hatari. Akili inamtoka polepole huku anajiona mzima kuliko siku zote. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mwalimu wa hesabu asiyependa mchezo, alisema hakuna atakayepanda juu ya mlima bila oksijeni.

"Sharafa, wewe ndiye umeruka kuliko sisi sote," alisema. "Chagua wewe. Utakachochagua ndicho tutakachofunga."

Muuzaji wa vifaa akaleta aina mbili za kujaribu. Mtungi ulikuwa mmoja nyuma ya viti, na wote wawili mle ndani ilibidi watumie aina moja. Aina ya kwanza ilikuwa barakoa inayofunika pua na mdomo, hewa inatiririka muda wote. Aina ya pili ilikuwa mrija mwembamba wenye vitundu viwili vya kuingiza puani, umeunganishwa na kisanduku. Kisanduku hicho kilisikiliza pua: ukivuta pumzi, taa ya kijani inawaka, kinakupulizia hewa kidogo. Usipovuta, hakitoi kitu, na baada ya muda kinalia kukutahadharisha.

Sharafa aliijaribu barakoa saluni, mbele ya kioo. Ssss! Hewa yote ilipenya kwenye ndevu ikatoka pembeni. Akakaza mikanda. Ssss. Akazilowesha ndevu kwa maji, akazilaza kwa kitana, akaibana barakoa kwa viganja viwili mpaka macho yakamtoka. Ssss vilevile. Muuzaji alikuwa ameshamwambia: barakoa inataka kidevu kitupu. Mafuta ya ndevu nayo marufuku, maana karibu na oksijeni yanaweza kuwaka moto. Hilo la mafuta Sharafa alilikubali, siku za kuruka tu, akajiona ametoa sadaka kubwa. Lakini kunyoa? Akajitazama kiooni, akazishika kwa mkono mmoja. Huko chini kulikuwa na kidevu ambacho hakuwa amekiona tangu ujana, na hakukikumbuka kwa wema.

Alikuwa bado kasimama pale simu ilipolia. Kwenye kiti, shemeji yake alikuwa amelala chali na taulo la moto usoni akisubiri kunyolewa, mdomo wazi chini ya taulo, anakoroma.

"Bosi, umeshavijaribu?" aliuliza muuzaji, kwa sauti kubwa iliyovuja nje ya simu.

"Nimejaribu. Nataka ule mrija wa puani."

"Mzuri huo, mtungi unadumu. Ila nikuulize. Kati yenu kuna mtu ambaye pua yake huziba, anayepumulia mdomo? Maana kile kisanduku kinasikiliza pua tu. Mtu wa hivyo hakimsaidii kitu. Huyo ni barakoa, haina mjadala."

Sharafa aligeuka akatazama kiti. Taulo lilipanda, likashuka. Sauti ilitoka pale kama msumeno kwenye ubao wenye fundo. Akageukia kioo tena, akaziona ndevu zake.

"Hakuna," alisema. "Wote wazima."

"Na huyo anayekoroma hapo ni nani?"

"Redio," alisema Sharafa.

"Redio?"

"Mbovu."

Muuzaji alicheka, akasema haya bosi, akakata simu. Sharafa alibaki ameishika simu sikioni. Alijisikia joto shingoni, lile joto la mtoto aliyeiba sukari. Akajiambia kwamba shemeji atazoea. Akajiambia kwamba pua hufunguka mtu akiwa juu, baridi ile. Akajiambia mambo mengi, maana mtu anayejidanganya hakosi hoja. Kisha akamwondolea shemeji taulo na kumpangusa uso kwa upole kuliko kawaida.

Kwenye mkutano alisema barakoa inazuia mazungumzo, inatia joto, inamfanya rubani ajisikie amefungwa. Hakutaja ndevu. Hakuna aliyembishia, nani ambishie Sharafa? Ule mrija ukafungwa kwenye ndege.

Siku ya kwanza ya kupanda juu walivijaribu visanduku vyao wakiwa bado wamekaa uwanjani. Cha Sharafa kikapuliza vizuri, taa kijani, kijani, kijani. Cha shemeji kikakaa kimya, kisha kikaanza kulia. Tii! Tii! Tii!

"Shemeji, changu kinalia," alisema seremala kutoka kiti cha nyuma.

"Vuta kwa pua."

"Navuta. Haipiti."

"Jikaze kidogo." Kisanduku kililia tena. Rubani wa ndege ya kuvuta alikuwa anawasubiri, injini imewaka, watu wamesimama pembeni wanatazama. Sharafa akahisi lile joto la shingoni limerudi, na hasira juu yake. "Kizime hicho king'ora, kinatupigia kelele bure. Kuna kitufe pembeni. Utazoea tukiwa juu."

Kukawa na ukimya kidogo kule nyuma, mrefu kuliko anaohitaji mtu kutafuta kitufe.

"Haya, shemeji," alisema seremala, na king'ora kikanyamaza.

Mlima ulikuwa mzuri siku hiyo, nisiseme uongo. Upepo uliwabeba kama mama anavyombeba mtoto mgongoni, bila mtikisiko, sindano ya kimo inapanda, inapanda. Chini, paa za mabati zilimeta, barabara zikawa nyuzi. Sharafa alisahau joto la shingo. Nyuma yake shemeji alianza kuimba, na yeye hakuwa mtu wa kuimba.

"Umefurahi leo!" alipaza sauti Sharafa.

"Sana, shemeji. Mbao nzuri hizi."

"Mbao zipi?"

"Hizi nyeupe." Akacheka sana. Alikuwa anayatazama mawingu.

Sharafa naye akacheka, Mungu amsamehe, akidhani ni mzaha. Wakapanda zaidi. Wimbo ukapungua, ukawa neno moja linalorudiwa, kisha ukakatika.

"Shemeji, taa yako inawaka?"

"Inawaka vizuri sana."

"Ya kijani?"

Kimya.

"Shemeji! Nani anatusubiri kule chini?"

"Mama," ilijibu sauti ndogo, ya kitoto.

Mama yake seremala alikuwa amekufa zamani; Sharafa mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Akajipinda kwenye mikanda akatazama nyuma. Shemeji yake alikuwa ameinamisha kichwa begani, anatabasamu, midomo imepauka na kugeuka rangi ya wino uliomwagiwa maji. Mdomo ulikuwa wazi. Mrija ulikuwa umekaa puani vizuri kabisa, na taa ya kisanduku ilikuwa imezimika.

Hapo Sharafa alifanya kila kitu kama inavyotakiwa, na hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye. Alifungua breki za mabawa, akainamisha pua ya ndege, akashuka kwa mwendo wa kutisha huku masikio yanapasuka kwa maumivu na yeye anapiga kelele, "Pumua! Nisikie ukipumua! Shemeji, nakuomba, pumua!" Ndevu zilikuwa zimemwingia mdomoni. Akazitema.

Karibu na usawa wa vilima ile sauti ya msumeno ilirudi kule nyuma. Sharafa hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kile.

"Mbona tumeshuka?" aliuliza seremala. "Tumefika?"

Walipotua watu waliwakimbilia. Mwenyekiti mwenyewe alimpa Sharafa mkono, na mama yule hakuwa mtu wa kugawa pongezi ovyo. Yule wa ndege ya kuvuta alisema hajawahi kuona mtu akishuka vile na mabawa yakabaki mahali pake. Shujaa! Mwanaume! Sharafa alitazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini uwanja ule ulikuwa mgumu, na kila mtu alitaka kumpiga bega. Shemeji, aliyekaa kwenye nyasi na blanketi mabegani, alisema kwa sauti ya chini, "Samahani jamani. Ni hii pua yangu. Nimewaharibia siku." Na Sharafa, aliyekuwa na neno la kusema pale pale, alisema, "Usijali."

Usijali! Hebu fikiria.

Jioni dada yake alimpokea mlangoni akilia. Alimshika mikono yote miwili. "Kaka, umenirudishia baba wa watoto wangu. Nikulipe nini?" Watoto walimzunguka Mjomba, mdogo akamrukia mgongoni. Wakamwekea kiti cha mbele na sahani iliyojaa. Alisema tumbo linamsumbua, akaenda chooni, akafungua maji ya bomba ili asisikike, akakaa kwenye ukingo wa beseni uso mikononi. Ndevu zilikuwa zimelowa. Alizichukia, na akiwa katika kuzichukia vidole vyake vilikuwa vinazinyoosha.

Mkutano wa chama uliofuata ndio uliokuwa mbaya zaidi. Mwenyekiti alisema kwa huruma kwamba mtu mwenye pua ya namna ile hafai kupanda juu. Seremala ataruka chini chini tu karibu na uwanja, au abaki kuwa fundi wa chama. Seremala alisimama, akakubali kwa kichwa. Huyu ni mtu ambaye furaha yake yote nje ya nyumba yake ilikuwa ile ndege. Kabla ya kukaa alimgeukia Sharafa, akamtazama. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake kuongea. Sharafa alijikuna shingo, akatazama dirishani, na mkutano ukafungwa.

Siku tatu nzima hakuweza kumnyoa mteja bila kumkata. Siku ya nne seremala alikuja saluni na boksi lake la vifaa, kurekebisha mlango wa kabati uliolegea. Hakukuwa na mteja. Alipiga magoti, akaanza kufungua bawaba, huku anapumua kwa mdomo.

"Shemeji," alisema Sharafa. "Kuna jambo."

"Sema."

"Yule muuzaji wa oksijeni aliniuliza kama kuna mtu mwenye pua ya kuziba. Kabla hatujachagua. Alisema kile kisanduku hakitamfaa. Nikamwambia hakuna. Nilijua, nikamwambia hakuna. Ni kwa ajili ya hizi." Alizishika ndevu. "Barakoa haikai kwenye ndevu. Ni kwa ajili ya hizi tu, shemeji. Si kitu kingine."

Seremala alikaza skrubu mpaka mwisho. Akaujaribu mlango, ukafunga.

"Redio mbovu," alisema.

Sharafa akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Sikuwa nimelala," alisema seremala. "Mimi hukoroma hata nikiwa macho. Muulize dada yako."

"Ulisikia?"

"Yote."

"Sasa mbona hukusema? Mbona ulipanda?"

"Nikuambie nini?" Kwa mara ya kwanza maishani mwake mpole yule alipandisha sauti. "Wewe ni kaka wa mke wangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuruka. Nisimame mbele za watu nikuumbue? Nikasema mwache, atasema mwenyewe. Kisanduku kilipolia pale uwanjani, nikasema leo atasema. Ukaniambia nikizime. Nilidhani kichwa kitauma tu, nitachoka tu, sikujua ni kitu cha kumaliza mtu. Na kule mkutanoni nikakutazama. Nikakutazama, shemeji! Ukatazama dirisha." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nilikuwa naona aibu mpaka nikashindwa kulala. Si aibu yangu. Yako."

Hakuna tusi ambalo lingempata Sharafa kama neno lile. Angetukanwa angejibu. Alikaa tu, machozi yanamwingia ndevuni, mwanaume mzima kwenye kiti chake mwenyewe. Baadaye alichukua mashine ya kunyolea, akamnyooshea.

"Ninyoe."

"Mimi seremala. Nitakupiga randa," alisema shemeji, akafunga boksi lake. "Nyoa mwenyewe."

Akanyoa mwenyewe. Alianza na mashine, akamaliza na wembe, mlango wa saluni ukiwa wazi. Mteja mmoja alichungulia, akaona kinachotokea, akarudi nyuma kama aliyemkuta mtu akioga. Zilianguka sakafuni rundo zima. Kilichojitokeza kiooni kilikuwa kidevu kidogo, cha mviringo, kimepauka kuliko uso wote. Sharafa alichukua barakoa ya majaribio, akaivaa. Ilikaa kimya. Akavuta pumzi na hewa yote ikamwingia yeye.

Kwenye chama alisema yote, amesimama, bila kujitetea. Mtu mmoja aliyekuwa amecheka kidevu alipoingia aliacha kucheka. Mwenyekiti alinyoosha mkono kudai ufunguo wa banda la ndege, naye akautoa mfukoni akampa. Walikubaliana kufunga barakoa, na kwamba seremala ndiye atakayepanda wa kwanza, na rubani mwingine. Kuhusu Sharafa wataona. Alisema sawa. Kweli ilikuwa sawa, na bado ilimuuma.

Palibaki mahali pamoja, na shemeji alikuwa amemwambia wazi, "Kule kwangu sijasema kitu. Hiyo si kazi yangu."

Dada yake alifungua mlango, akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Wee! Kaka! Mbona hivi?" Akamshika shavu kwa kiganja chenye joto, akamgeuza uso huku na huku. "Umekuwa kama ulivyokuwa tukienda shule. Mtazame! Nani kakufanyia hivi?"

Sharafa alimwambia pale pale mlangoni, kiganja kikiwa bado shavuni. Alimwambia swali aliloulizwa, na jibu alilotoa, na redio, na king'ora. Hakuruka kitu. Aliona kicheko kikimtoka dada yake usoni kidogo kidogo, na macho yakibaki yamemtazama kama anamtafuta mtu mwingine nyuma yake. Alipofika mwisho, dada aliuondoa mkono. Akaupangusa kwenye kanga bila kujua anafanya hivyo.

Kutoka ndani watoto walikuwa wamesikia sauti. "Ni Mjomba? Mama, ni Mjomba?"

Alidhani atafungiwa mlango, na angeshukuru. Lakini dada alisogea pembeni kumpisha.

"Ingia," alisema. "Nimewaambia Mjomba wao alimwokoa baba yao. Mdogo amekuchora shuleni, picha iko ukutani. Utawaambia mwenyewe."

Sharafa alivua viatu, akaviweka karibu na vya shemeji yake, akaingia.